Asishinde Njaa Kungoja Keki: Kijitabu cha Nyumbani kwa Familia Yenye Mtu wa Kisukari

Kwa nini kijitabu hiki

Usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, mapokezi ya hospitali hupokea watu waliovaa sare za harusi. Mara nyingi ni mama wa bwana harusi au shangazi yake: kilemba bado kimekaa kichwani, poda imechirizika kwa jasho, mikono inatetemeka, na akiulizwa jina lake anataja la mwanawe. Ndugu waliomleta wanajibu kwa sauti moja kwamba amekula keki. Mashine ya kupima sukari inasoma 2.4. Sukari haikupanda; imeshuka. Wakihojiwa vizuri, inabainika kwamba keki yenyewe ilikuwa haijakatwa.

Watumishi wa zamu ya usiku wamekizoea kisa hiki. Zinazobadilika ni sura na rangi za sare tu. Familia ilihangaika wiki nzima kutafuta keki isiyo na sukari, ikapiga simu huku na huku, ikalipa zaidi, ikaipata. Swali ambalo halikuulizwa na yeyote ni hili: mama amechoma sindano saa ngapi, na atakula saa ngapi?

Kijitabu hiki kinajibu yote mawili, la keki na la saa. Keki ya kumfaa mwenye kisukari ipo, inapikika hata kwenye jiko la mkaa, na maelezo yake yamo humu. Lakini saa ya kula inatangulia, kwa kuwa ndiyo inayolaza watu.

Wanaohusika si wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwapima Watanzania wa miaka 25 hadi 64, ukakuta karibu 9 katika kila 100 wana kisukari. Ukumbi wenye wageni 300 hauwakosi, na baadhi yao wenyewe hawajijui.

Jambo moja kuliko yote

Mwenye kisukari ale nyumbani kwanza, kwa saa yake ya kila siku. Asishinde njaa kungoja keki.

Jinsi siku inavyoharibika

Kadi ya mwaliko imeandikwa saa 12 jioni. Anayezijua harusi za mjini anajua kwamba maharusi wataingia ukumbini saa 2 usiku, na hapo wamewahi. Kisha kuna utambulisho wa kamati, utambulisho wa wazazi wa pande mbili, shampeni, kukata keki, kulishana, keki za wakwe, zawadi. Sahani ya kwanza ya wali inaweza kutoka saa 4.

Mtu anayetumia insulini ya mchanganyiko kwa kawaida huchoma sindano ya jioni kama nusu saa kabla ya chakula. Siku ya harusi anachoma saa 12 kama alivyozoea, maana anaondoka nyumbani na hataki kubeba sindano kwenye mkoba. Chakula kinamfikia muda wa saa nne baadaye. Sindano haijui ratiba ya MC.

Wa vidonge naye yumo. Kidonge ambacho pakiti yake imeandikwa Glibenclamide hushusha sukari, mtu awe amekula au hajala. Metformin ikitumiwa peke yake si rahisi kuishusha kupita kiasi, ila wengi wamepewa vyote viwili na hawajui kipi ni kipi. Pakiti zote zipelekwe kliniki, muuguzi aoneshe kwa kidole kile ambacho hakimezwi bila chakula.

Halafu kuna wanaojinyima kwa makusudi. Tangu asubuhi wanasema wanaacha nafasi ya keki: chai hawanywi, mchana hawali, wakiamini kwamba walichokiacha mchana watakifidia usiku bila madhara. Hesabu hiyo haipo. Mchana sukari inashuka kwa sababu dawa imeingia na chakula hakijaingia. Usiku keki inatua kwenye tumbo tupu, tena kipande kikubwa kwa sababu ya njaa, na sukari inapanda kwa kasi. Mtu mmoja anaumia mara mbili kwa siku moja.

Kwa hiyo inarudiwa: ale nyumbani kwanza. Chakula chenyewe si kikubwa. Ugali wa kiasi cha ngumi yake, maharage au samaki, na mboga za majani kwa wingi. Akifika ukumbini, chakula kikitoka, achukue nyama, kachumbari na mboga. Wali uwe vijiko vichache au auache.

Asishinde njaa kungoja keki, wala pilau, wala hotuba ya mgeni rasmi.

Sukari ikishuka ukumbini

Anatetemeka. Jasho la baridi linamtoka. Moyo unamwenda mbio, njaa inamshika ghafla, macho yanaona ukungu. Anakuwa mkali bila sababu, au anacheka ovyo, au maneno yanagongana. Watu wa meza ya jirani watasema amelewa, na atatokea wa kushauri apelekwe kwenye gari alale kidogo. Asipelekwe kwenye gari, na asiachwe peke yake hata kama ni kwenda msalani.

Kipimo chochote chini ya 4.0 ni kushuka. Mashine ikiandika LO, sukari iko chini kuliko inavyoweza kusoma. Kama mashine haipo, atibiwe kama aliyeshuka, bila kungoja.

Apewe vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye nusu glasi ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Hapa ndipo pekee soda inapokuwa dawa. Isiwe soda isiyo na sukari. Isiwe keki pia: keki ina mafuta, na mafuta huichelewesha sukari kufika inakotakiwa. Baada ya dakika 15 apimwe tena; kama bado, arudiwe kiasi kilekile. Akipata nafuu ale chakula, hata kama ni chapati moja na maziwa, ili isishuke tena.

Asiyejitambua asitiwe kitu chochote mdomoni, iwe sukari, soda au maji. Alazwe ubavu, akimbizwe hospitali.

Anayetumia Glibenclamide apelekwe hospitali hata kama amezinduka na anadai yuko sawa. Kidonge hicho hufanya kazi muda mrefu, na sukari inaweza kushuka tena alfajiri wakati nyumba nzima imelala.

Kipande kimoja kina nini

Keki ya kawaida ya nyumbani ya unga nusu kilo huchukua kama robo kilo ya sukari na robo kilo ya siagi. Ikikatwa vipande 20, kila kipande kinabeba sukari ya gramu 12 na ushee, yaani vijiko 3 vya chai, pamoja na wanga wa unga unaofika gramu 19. Wanga wa unga nao hupandisha sukari, na ndiyo maana keki isiyotiwa sukari hata chembe bado si ya kula bila kipimo. Jumla ya kipande ni gramu 31 hivi. Hapo hakijapakwa kitu.

Aisingi ya siagi ya kufunikia keki hiyo hutengenezwa kwa nusu kilo ya sukari ya unga. Kwa vipande 20 ni gramu 25 kila kimoja, zaidi ya vijiko 6 vya chai. Sukari iliyo juu ya keki ni mara mbili ya iliyo ndani yake. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa ibaki chini ya sehemu ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku nzima, na ikiwezekana nusu ya kiwango hicho, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Aisingi ya kipande kimoja imeshaimaliza.

Fondanti, ile ngozi laini inayofunika keki za ghorofa na kufinyangwa maua, ni sukari karibu yote.

Kwa hiyo aliyejikuta mbele ya keki ya watu, isiyo na maelezo, afanye jambo dogo: aibandue aisingi na kuiacha pembeni mwa sahani. Kipande kinabaki na karibu nusu ya mzigo wake, bila ugomvi na mtu.

Soda

Chupa ya mililita 350 ya soda ya kawaida inabeba sukari ya vijiko 9 vya chai; mwenye kisukari ashushie keki kwa maji.

Majina yanayodanganya

*Asali.* Ni sukari. Katika kila gramu 100 za asali, gramu 80 na zaidi ni sukari. Kutoka kwa nyuki hakuipunguzi.

*Sukari guru na sukari ya kahawia.* Ni sukari.

*Tende.* Zaidi ya nusu ya uzito wa tende kavu ni sukari. Keki iliyotiwa utamu kwa kikombe cha tende zilizosagwa ni keki ya sukari yenye jina zuri.

*Unga wa mchele na unga wa muhogo.* Wapo wanaoambiwa waache ngano, wakahamia kwenye mkate wa kumimina na vitumbua. Wanga wa mchele haupungui ule wa ngano, na sukari ya kukolezea imo vilevile.

*Mkate wa mayai.* Hauna siagi, lakini umebeba sukari nyingi. Wepesi wake mdomoni usimdanganye mtu.

*Kibandiko cha "haina sukari".* Kinaweza kumaanisha kwamba imetiwa asali. Kinaweza kumaanisha kwamba unga ni uleule na umeongezwa. Hakimaanishi kwamba mtu anaweza kula vipande vitatu.

*Vitamu visivyo sukari.* Stevia na sukralosi huvumilia moto wa kuokea. Aspartamu hupoteza utamu ikiokwa, kwa hiyo vidonge vyake vya kutilia kwenye chai havifai keki. Sobitoli na maltitoli zikizidi hujaza tumbo gesi na kuharisha, jambo ambalo hakuna anayelitaka akiwa amevaa gauni la sherehe. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitumie vitamu kama stevia, sukralosi na aspartamu kwa ajili ya kupunguza uzito; ushauri huo haukuwalenga wale ambao tayari wana kisukari. Wao wanaweza kuvitumia kwa kiasi.

Kununua: maswali matatu kwa mpishi wa keki

La kwanza: badala ya sukari umeweka nini, na kiasi gani? Mpishi anayeijua kazi yake atataja kwa gramu au kwa kikombe. Anayejibu "usijali, ni ya watu wa sukari" hajajibu.

La pili: unga ni upi? Ukiwa nusu ngano isiyokobolewa, au umechanganywa na unga wa karanga, korosho au nazi, ni afadhali kuliko ngano nyeupe tupu.

La tatu: juu imepakwa nini? Hapa ndipo wengi wanapokamatwa. Keki imeokwa bila sukari, kisha ikafunikwa na aisingi ileile ya siku zote kwa sababu mteja alitaka ipendeze kwenye picha. Krimu ya unga ya kupigwa mara nyingi huja ikiwa na sukari tayari.

Keki za harusi za ghorofa nyingi mara nyingi huwa na ghorofa za bandia, za kupendezesha tu. Katika zile za kweli, mpishi anaweza kuombwa moja ipikwe kwa sukari kidogo na kupakwa krimu isiyo na sukari, wahudumu wakaambiwa mapema ni ipi. Wazazi wakalishwa kutoka hapo. Haihitaji keki ya pembeni inayomtangazia ukumbi mzima kwamba mama fulani ni mgonjwa.

Kupika nyumbani

Keki hii inatoka vipande 16 kwenye trei ya sentimita 20 kwa 20.

- Unga wa ngano usiokobolewa (atta), kikombe 1
- Unga wa ngano mweupe, kikombe 1
- Hamira ya keki (baking pauda), vijiko 2 vya chai
- Mdalasini wa unga, kijiko 1 cha chai. Iliki iliyotwangwa, nusu kijiko
- Chumvi, ya kubana kwa vidole viwili
- Ndizi mbivu 2 zilizoiva hadi ganda kuwa na madoa meusi
- Karoti zilizokunwa, kikombe 1
- Mayai 3
- Mafuta ya kula, nusu kikombe
- Mtindi usio na sukari, nusu kikombe
- Sukari, robo kikombe, isizidi
- Korosho au karanga zilizokatwakatwa, nusu kikombe

Unga, hamira, viungo na chumvi vichekechwe pamoja. Kwenye bakuli jingine ndizi zipondwe hadi zilainike, yapigwe mayai humo, kisha viingie sukari, mafuta na mtindi. Unga umiminwe juu yake kidogo kidogo na kukorogwa kwa mwiko mpaka usionekane mkavu. Ukikorogwa sana keki inakuwa ngumu. Karoti na korosho ziingie mwisho.

Kwenye oveni moto uwe nyuzi 180, dakika 35 hadi 45. Kwenye jiko la mkaa, trei iwekwe ndani ya sufuria kubwa iliyokwisha kupata moto, juu ya mchanga mkavu au vijiwe vitatu, isigusane na kitako. Sufuria ifunikwe kwa mfuniko bapa wenye mkaa juu, mkaa wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Njiti safi ichomwe katikati; ikitoka kavu, imeiva. Rangi itakuwa ya kahawia iliyokolea na juu itapasuka kidogo. Ndivyo ilivyo.

Utamu wake unatoka kwa ndizi, iliki na mdalasini. Sukari ya kuongezwa ni gramu 50 kwa keki nzima, chini ya kijiko kimoja cha chai kwa kipande. Wanga wote wa kipande, ukihesabu unga na ndizi, ni kama gramu 20, ilhali kipande cha keki ya kawaida chenye aisingi kinapita gramu 55. Hata hivyo ni kipande kimoja: sentimita 5 kwa 5, upana wa vidole vitatu. Vipande vitatu vya keki hii ni sawa na kimoja cha ile.

Kwa juu, mtindi mzito uchujwe usiku kucha kwenye kitambaa safi, ndani ya jokofu, hadi ubaki kama krimu. Uchanganywe na ganda la limau lililokunwa. Nazi iliyokunwa na kukaushwa kwenye kikaango mpaka iwe rangi ya dhahabu inanyunyizwa pembeni. Jina la mwenye siku linaweza kuandikwa kwa vipande vya karoti au korosho.

Keki yenye sukari kidogo huharibika haraka. Iliwe ndani ya siku mbili.

Keki isiyo keki

Kwenye harusi za Wachaga huletwa ndafu: mbuzi mzima aliyechomwa, amepambwa, akakatwa mbele ya wageni na wazazi wakalishwa kama wanavyolishwa keki. Desturi hiyo imeshuka kutoka Kilimanjaro mpaka kumbi za Dar es Salaam, na MC anaitangaza kwa shangwe ileile. Nyama ya mbuzi haina wanga. Familia ikiamua wazazi walishwe ndafu, keki wakaachiwa vijana, hakuna desturi iliyovunjwa. Mwenye kisukari achukue nofu, aache mafuta na chumvi ya ziada, hasa kama presha nayo inamsumbua.

Kwa siku ya kuzaliwa, tikiti maji linaweza kusimamishwa, likamenywa ganda, likapakwa mtindi mzito na kuchomekwa mshumaa. Watoto hulifurahia. Nalo lina sukari yake, kama gramu 6 kwa kila gramu 100, kwa hiyo ni kipande, si nusu ya tikiti.

Kulishwa mbele za watu

Mzazi akiitwa mbele, muziki ukipigwa, mwanawe akapiga magoti na uma mkononi, hakatai. Asiombwe kukataa. Kazi ifanyike kabla: maharusi waambiwe wamkatie kipande cha ncha ya kidole gumba, kutoka ndani, kisicho na aisingi. MC naye aambiwe asimchochee mtu kulishwa "kipande cha heshima" mara tatu.

Keki nzima ambayo wazazi hukabidhiwa na kwenda nayo nyumbani ndiyo hatari inayosahaulika. Inakaa kwenye jokofu, inakatwa kidogo kidogo kwa chai, asubuhi na jioni, wiki nzima. Igawiwe kwa majirani kesho yake.

Mtoto mwenye kisukari

Mtoto wa sindano asiachishwe sindano hata siku moja, hata kama hajala keki, hata kama anaumwa. Akiachishwa, hali yake inaweza kuwa mbaya ndani ya saa chache.

Asikalishwe pembeni na chungwa lake wakati wenzake wanakula. Ale kipande kidogo pamoja na wenzake, baada ya chakula, kwa mpango ambao mzazi ameupanga na kliniki kabla ya siku hiyo. Mwenyeji aambiwe mambo mawili tu: mtoto ale saa ngapi, na akitetemeka apewe nini. Mtoto anayekimbizana na kuruka ngoma mchana kutwa sukari yake hushuka. Naye asishinde njaa kungoja keki.

Makosa ya siku ya sherehe

Kumeza vidonge viwili badala ya kimoja ili "kufidia" keki. Ni hatari, dozi haiongezwi na mgonjwa wala na shemeji yake.

Kuacha dawa kabisa kwa sababu "leo nastarehe". Sukari haina sikukuu.

Kunywa maji ya mwarobaini au dawa chungu baada ya keki ili kuiosha sukari. Haioshwi hivyo.

Kunywa pombe na tumbo tupu. Pombe hushusha sukari saa kadhaa baadaye, na dalili za kushuka huko zinafanana na ulevi, kwa hiyo hakuna atakayeshtuka.

Kuacha insulini ndani ya gari lililoegeshwa juani. Joto huiharibu. Iingie ukumbini na mwenyewe, kwenye mkoba, pamoja na kitambaa kibichi au chupa ya maji ya baridi, isigusane na barafu.

Kusema "nitakula huko huko". Hili ndilo kosa ambalo kijitabu hiki kimeandikwa kulizuia. Huko huko ni saa 4 usiku. Ale nyumbani.

Kuficha ugonjwa. Angalau mtu mmoja katika meza ajue.

Kuvaa viatu vipya vya kubana kwa ajili ya picha. Si habari ya keki, lakini kidonda cha mguuni kimeshamgharimu mwenye kisukari mguu wake, na kliniki inakiona baada ya kila msimu wa harusi.

Kupima

Mikono ioshwe kwa maji na sabuni, ikaushwe, ndipo kidole kichomwe. Kidole chenye mabaki ya keki hutoa kipimo cha uongo cha juu.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Kutapika kusikokoma. Kiu isiyoisha na kukojoa kila mara. Kuhema haraka na kwa nguvu. Pumzi kunukia kama matunda yaliyooza. Usingizi mzito usio wa kawaida. Mashine kuandika HI, maana yake sukari imepita uwezo wake wa kusoma. Lolote kati ya haya halingoji Jumatatu, na halingoji maharusi wamalize kucheza.

Kesho yake

Arudi kwenye dawa na chakula kwa saa zake. Apime asubuhi kabla ya chai na aandike kwenye daftari la kliniki, hata kama namba inatia aibu. Muuguzi anaihitaji namba ya kweli. Asijinyime chakula ili kulipa deni la jana. Huko ni kushinda njaa kwa jina jingine.

Ukurasa wa kujaza (ukatwe, ukae kwenye mkoba)

Saa ya kula nyumbani siku ya sherehe: ....................

Dawa, kiasi na saa yake: ....................

Dawa isiyotumiwa bila chakula: ....................

Sukari ya dharura imewekwa wapi: ....................

Kituo cha afya kilicho karibu na ukumbi: ....................

Simu ya kliniki: ....................

Simu ya mwenye usafiri usiku huo: ....................

Atakayekaa naye meza moja: ....................